Wimbi la Bei ya Bakuli la Tambi

Barabara itokayo Konde kwenda Makangale hupita katikati ya msitu wa Ngezi, mahali ambapo matawi ya miti mikubwa hukutana juu ya kichwa cha mpita njia, na jua la saa saba likaonekana kama la magharibi. Ukishautoka msitu huo umebakiwa na ncha ya Pemba tu: mashamba, nyumba, na bahari pande zote mbili. Upande wa mashariki uko ufuko wa Vumawimbi, jina lisilohitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Kiswahili. Upande wa magharibi uko mkondo wa Pemba wenye maji ya kina kirefu, na siku hewa inapokuwa safi, milima ya Usambara huonekana ng'ambo, mbali sana, kama wingu lililokataa kuondoka.

Katika nyumba moja ya kijiji hicho nilikaribishwa na mzee aliyestaafu uvuvi. Ukutani mwa ukumbi wake palikuwa na kalenda. Juu ya tarehe ilichapwa picha ya mlima mrefu wenye theluji, na chini yake ziwa na nyumba ya magogo. Mzee aliponiona nikiitazama aliniuliza, "Mwanangu, mlima huu uko nchi gani?" Nikaisogelea nikatafuta maandishi. Hayakuwapo. Mlima ule haukuwa na jina, na mwenye nyumba alikuwa ameishi nao tangu mwezi wa kwanza.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la nne, alikuwa sakafuni akichora katika daftari. Alichora milima miwili iliyochongoka kama meno ya msumeno, katikati yake jua linachomoza, na mto unateremka hadi chini ya karatasi. Bila shaka msomaji unaifahamu picha hiyo, kwani wewe na mimi tuliichora utotoni, na watoto wetu wanaichora hata leo, Kigoma na Kinondoni, Mkoani na Mwanza. Nilimwambia kwamba Makangale haina mlima wa namna hiyo wala mto wa namna hiyo, lakini ina bahari ambayo sauti yake tulikuwa tukiisikia wakati ule ule. Akanijibu kwa upole, "Picha ndivyo zinavyokuwa, ami."

Jibu hilo limenikaa moyoni, na ndilo lililonifanya juma hili niandike juu ya picha za mbao za Wajapani. Maana Wajapani nao walikuwa na zama ambazo picha, kwa watu wengi, ilikuwa kitu cha mahali pengine: cha majumba ya wakubwa, chenye milima ya Uchina iliyochorwa na watu ambao wengi wao hawakupata kuiona. Jinsi picha ilivyotoka huko ikaingia katika chumba cha seremala na muuza samaki, ikiwa na sura ya nchi yao wenyewe, ni habari inayostahili kusimuliwa katika nyumba zetu.

Kuanzia mwaka 1603 Japani ilikuwa chini ya ukoo wa Tokugawa, na makao ya watawala hao yalikuwa Edo, mji ambao leo unaitwa Tokyo. Amani ilidumu zaidi ya miaka 250. Edo ikakua hata katika karne ya 18 ikawa na wakazi wapatao milioni moja, na wengi wao walikuwa mafundi, wachuuzi, wachukuzi na vibarua. Watu hao hawakuwa na cheo. Sheria iliwabana hata katika mavazi. Lakini walikuwa na senti mfukoni, na walipenda michezo ya kuigiza, mieleka, hadithi na nguo nzuri. Kwa ajili yao zikazuka picha zilizochapwa kwa vibao vya mti, na jina lake, ukiyo-e, maana yake ni picha za dunia ielayo, yaani dunia ya starehe zipitazo. Mwanzoni zilikuwa za wino mweusi peke yake. Mwaka 1765, katika kazi za Suzuki Harunobu na wenzake, zikaanza kuchapwa kwa rangi nyingi.

Nitakawia kidogo katika namna ya kuzitengeneza, kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu ni watu wa kazi za mikono na wataielewa thamani yake kuliko mimi.

Picha moja ilihitaji mafundi wa namna tatu, na juu yao mwenye duka. Mwenye duka ndiye aliyetoa fedha, akaamua ni picha gani itauzika, na kuipeleka kwa wakaguzi wa serikali ili ipigwe muhuri wa ruhusa. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba sana. Karatasi hiyo ilikabidhiwa mchongaji, naye akaigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mti mgumu wenye nyuzi zilizoshikamana. Kisha akachonga kwa kisu na patasi, akiondoa mbao zote isipokuwa pale palipo na mstari. Maana yake ni kwamba mchoro wa asili uliharibiwa katika kuchongwa. Haukubaki. Unywele mmoja wa mwanamke, au uzi mmoja wa mvua, ulikuwa ukuta mwembamba wa mti uliosimama peke yake, na kisu kikiteleza hakuna kufuta. Uanagenzi wa kazi hiyo uliweza kuchukua miaka 10.

Baada ya ubao wa mistari kukamilika, zilichapwa nakala chache za kuonyesha mahali pa kila rangi, na kwa kila rangi ukachongwa uso wake wa ubao. Hapo ndipo akaingia mpiga chapa. Hakuwa na mtambo. Alipaka rangi ya maji iliyochanganywa na uji wa mchele juu ya ubao kwa brashi, akalaza karatasi ngumu ya magome ya jamii ya mforsadi, akasugua mgongo wa karatasi kwa kisugulio cha duara kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Akainua, akaenda ubao wa pili, wa tatu, wa nne, hadi rangi zote zimetimia. Ili rangi zisipishane, kila ubao ulikuwa na alama mbili zilizochongwa, moja ya pembeni na moja ya ukingoni, na karatasi ikawekwa hapo hapo kila mara. Mama yeyote aliyepata kununua kanga ambayo maua yake yamehama nje ya mistari anajua ni hasara gani inapatikana alama hizo zisipozingatiwa. Anga inayoanza na buluu nzito juu na kufifia hadi weupe chini haikuchongwa; mpiga chapa aliifanya kwa kupangusa rangi ubaoni kwa mkono, nakala baada ya nakala.

Katika nakala nyingi utaona jina la mchoraji na alama ya mwenye duka. Mchongaji na mpiga chapa ni mara chache kutajwa. (Tusiwacheke. Makala hii nayo haitatoka na jina la kijana aliyekesha na mtambo.)

Na bei yake? Picha moja ya kawaida iliuzwa kwa bei inayokaribia bakuli moja au mawili ya tambi za kando ya barabara. Dobi aliweza kununua. Aliibandika ukutani, ikafuka moshi, ikachanika, akanunua nyingine.

Kwa muda mrefu zilizopendwa zaidi zilikuwa picha za waigizaji na wanawake warembo, na mandhari ya nchi yalikaa nyuma kama pazia. Yaliyoyaleta mbele ni mambo kadhaa. Watu walianza kusafiri kwa wingi, wengi wao wakienda kuzuru mahekalu, na ambaye hakuweza kusafiri alitaka japo aione njia. Baadaye, mwaka 1842, serikali ikapiga marufuku picha za waigizaji na wanawake wa starehe, na mlima haukuwa na kosa lolote la kushtakiwa. Tena kulikuwa na rangi mpya. Buluu ya Berlin, iliyobuniwa Ujerumani na kuingia Japani kwa njia ya biashara, ilikuwa na nguvu kuliko nili ya kienyeji, nayo haikupauka upesi. Anga na bahari vikapata sauti.

Mtu aliyeishika buluu hiyo barabara ni Katsushika Hokusai. Alizaliwa Edo mwaka 1760, na utotoni alijifunza kuchonga vibao kabla ya kuwa mchoraji, jambo ambalo naamini ndilo lililomfanya ajue mti unaweza kubeba nini. Alibadili jina zaidi ya mara 30, na inasimuliwa kwamba alihama nyumba mara 93. Alikuwa amevuka miaka 70 pale mfululizo wake wa mandhari 36 ya Mlima Fuji ulipoanza kutoka, kati ya mwaka 1830 na 1833. Wanunuzi waliipenda hata zikaongezwa 10, jumla zikawa 46, lakini jina la 36 halikubadilishwa. Mwaka 1834 aliandika kwamba yote aliyoyachora kabla ya kufika miaka 70 hayakuwa na maana kubwa, na kwamba akifika miaka 110 kila nukta yake itakuwa na uhai. Alifariki mwaka 1849 bado akilalamika kwamba hakupewa muda wa kutosha.

Tazama jinsi alivyouchora mlima huo. Katika picha moja unaonekana ndani ya duara la pipa kubwa ambalo fundi analitengeneza. Katika nyingine uko nyuma ya wapasuaji mbao waliopanda juu ya gogo na msumeno wao. Mlima ni mtakatifu na ni mrefu kuliko yote Japani, lakini mbele yake mara nyingi yupo mtu anayefanya kazi. Hakuuondoa mlima katika maisha ya watu ili upendeze.

Inayojulikana zaidi ni picha ya wimbi kubwa la pwani ya Kanagawa. Ilisadifu kwamba siku hiyo ya Makangale nilikuwa nayo mkobani, imekatwa katika kalenda kuukuu ya ofisini, kwa kuwa nilikwisha kudhamiria kuiandika siku moja. Nikaitoa nikampa mzee. Aliishika mbali kidogo na macho akanyamaza kitambo. Sikumwambia lolote. Wimbi limesimama upande wa kushoto, povu lake limepasuka kama kucha, na chini kabisa, mbali, Fuji ni kidogo kiasi kwamba unaweza kumdhania kuwa wimbi jingine. Mzee hakuutazama mlima. Alitazama vyombo vitatu vilivyomo, vile ambavyo wageni wengi huvikosa mara ya kwanza.

"Vyombo hivi havikimbii," alisema. "Omo imelielekea wimbi. Na wapiga makasia wameinama pamoja. Hawa wanajua kazi. Ukilipa wimbi kama hili ubavu, umekwisha."

Nami nilikuwa nimesoma jambo hilo hilo kwa njia ndefu. Vitabu huwakumbusha watu wa Ulaya kwamba Mjapani husoma kutoka kulia kwenda kushoto, na kwa hiyo hukutana kwanza na vyombo, kisha na wimbi. Yaani anasafiri pamoja na wapiga makasia na kuliendea. Mzungu anayesoma kutoka kushoto hulifuata wimbi likiwaangukia watu. Mzee wangu, ambaye elimu yake ya kwanza ilikuwa ya msahafu, aliiingia picha kwa mlango wake sahihi bila kuambiwa. Nilimweleza kwamba vyombo hivyo vilikuwa vya mbio, vya kuwahisha samaki wabichi katika soko la Edo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa habari za jamaa zake.

Baada ya Hokusai akavuma Utagawa Hiroshige, mtoto wa afisa mdogo wa zimamoto wa Edo, aliyezaliwa mwaka 1797. Huyu, kwa maoni yangu, ndiye rafiki zaidi wa mtu wa kawaida. Katika miaka ya 1833 na 1834 alitoa picha za vituo 53 vya barabara ya Tokaido, iliyotoka Edo hadi Kyoto, mwendo wa kilomita zipatazo 500. Pamoja na mwanzo na mwisho wa safari zikawa 55. Hokusai anakushtua. Hiroshige anakulowesha. Katika picha ya kituo cha Shono mvua ya ghafla imewakuta watu njiani: wachukuzi wa machela wanapanda mteremko mbio, mwingine anateremka akipigana na mwavuli, na mianzi nyuma imelala kwa upepo katika vivuli vitatu vya kijivu. Hakuna shujaa, hakuna mfalme. Ni watu waliolowa. Kila aliyewahi kukimbilia kibanda cha kituo cha basi masika ameshakuwamo katika picha hiyo.

Aliufanyia mji wa Edo wenyewe mfululizo wa picha zaidi ya 100, kuanzia 1856 hadi alipofariki mwaka 1858, mwaka wa mlipuko mkubwa wa kipindupindu mjini humo. Mojawapo, ya mvua juu ya daraja, ilinakiliwa kwa rangi za mafuta na Mholanzi Vincent van Gogh huko Paris mwaka 1887.

Maana kufikia wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuzigundua. Japani ilifunguliwa kwa nchi za Magharibi kuanzia mwaka 1854, utawala wa Tokugawa ukaanguka mwaka 1868, na taifa likaanza kukimbilia mitambo, kamera na magazeti. Picha za vibao zikaonekana za kizamani, kitu cha kuuzwa kwa kilo. Mchoraji Claude Monet wa Ufaransa alijaza kuta za nyumba yake kwa picha za watu wa Edo wakati Edo yenyewe ilikuwa ikizitupa. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yakakusanya maelfu. Mwaka 2023 nakala moja ya lile wimbi iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 2.7 za Marekani.

Baadhi ya Wajapani walizinduka kabla ya yote kupotea. Mchapishaji Watanabe Shozaburo aliwakusanya tena wachongaji na wapiga chapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mchoraji wake mkuu wa mandhari, Kawase Hasui, alizunguka nchi na daftari akichora theluji, mwezi na mvua. Tetemeko la mwaka 1923 liliteketeza duka, vibao na madaftari ya Hasui. Akaanza upya. Mwaka 1956, mwaka mmoja kabla ya kufa, serikali ilimtangaza kuwa hazina hai ya taifa. Na tangu mwaka 2024 wimbi la Hokusai limechapwa nyuma ya noti ya yeni 1,000, kwa hiyo limerudi katika mfuko wa muuza samaki.

Msomaji utauliza kama sisi hatukuwa na kitu cha namna hii. Tulikuwa nacho, nacho kipo katika sanduku la mama yako. Kanga za awali za pwani yetu, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, zilipigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, juu ya kitambaa cha merikani, na maneno yake ya kwanza, yalipokuja, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nayo ilikuwa sanaa ya bei nafuu, ya mjini, iliyopendwa na watu ambao hawakuwa na cheo, na wachongaji wa vibao vyake hawakuandikwa majina. Baadaye kazi ikachukuliwa na viwanda vya Ulaya, kisha vya India na vya Japani; kwa miaka mingi ya karne ya 20 kanga zilizovaliwa Unguja, Pemba na Mombasa zilichapwa na mitambo ya Wajapani, wajukuu wa wale walionunua picha za Hokusai. Zimekuwako kanga zenye Mlima Kilimanjaro na zenye Mwenge wa Uhuru. Lakini kanga huvaliwa hadi ikachakaa, kisha ikambeba mtoto, kisha ikawa tambara la kupangusia. Haibandikwi ukutani ili mtoto aitazame na kusema, pale ni kwetu.

Mafundi wa kuchonga hatujawakosa. Milango ya Unguja inatosha kuwa ushahidi. Wala gharama si kubwa: ubao, kisu kikali, wino, karatasi na mgongo wa kijiko cha kusugulia. Shule yoyote inaweza kuanza kwa kipande cha mpira au cha muhogo. Sijui kwa nini somo la sanaa ndilo la kwanza kufutwa katika ratiba kipindi kinapokosekana, na la mwisho kurudishwa.

Nilipoaga, mzee aliomba abaki na lile wimbi. Sikuweza kumnyima. Kalenda hakuiondoa, kwa kuwa mwezi ulikuwa haujaisha na tarehe alizihitaji; aliichomeka picha katika ukingo wake, ikafunika ziwa na nyumba ya magogo, na ule mlima usio na jina ukabaki umechungulia juu. Mtoto alisogea akaitazama kwa muda. Akauliza kama aliyeichora alikuwa mvuvi. Babu yake akamwambia hapana, lakini alikaa na wavuvi.

Nilimwacha amelifungua daftari ukurasa mpya, penseli mkononi, akisikiliza upande wa Vumawimbi. Hakuwa ameanza bado.